Kwa Bi. Mwaija Huingii Bila Hodi

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Bi. Mwaija, merikebu ya nyota wa Kituo cha Zinga, atastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wale mnaosoma jarida hili kwa kurukaruka, mkitafuta picha zenu za bonanza, tafadhali irudieni sentensi hiyo. Ndiyo, ni merikebu, na anastaafu. Hafungwi wala hafutwi kwenye orodha ya vifaa. Anastaafu kama alivyostaafu mhasibu wetu, na kama ninavyotarajia kustaafu mimi, mgongo ukiridhia.

Jambo hili halijapata kutokea tangu Shirika la Safari za Mbali lianzishwe. Merikebu zetu zina akili, zina kumbukumbu, na zina maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya mavazi yetu. Lakini kwa mujibu wa kanuni, siku ya mwisho ya merikebu ikifika, fundi huingia ndani, huzima swichi kuu, akili hukoma, na bati hupelekwa kuyeyushwa. Hiyo ndiyo huitwa kufungwa. Bi. Mwaija alipangiwa kufungwa mwezi wa tatu. Mpaka leo anaongea, tena anaongea sana. Namna alivyopona ndiyo habari yenyewe, ila wasifu una adabu yake, nami nimeombwa nianzie mwanzo.

Wageni watakaolipata jarida hili siku ya sherehe wajue kwanza kwamba Zinga ndiko Makao Makuu yanakotuma merikebu zisizofuata utaratibu. Bandari kubwa zina merikebu zinazoambiwa "nenda" zikaenda. Sisi tuna Azan, ambaye hawashi injini Ijumaa mchana mpaka watu watoke msikitini, hata kama shehena ni ya barafu. Tuna Kitwana, anayeogopa giza, jambo ambalo kwa mwenye kazi ya kwenda kwenye nyota si dogo. Binadamu nao huletwa hapa kwa njia hiyohiyo. Kila mmoja wetu ana maelezo yake, na yangu ni marefu mno kwa ukurasa huu.

Katika kundi hilo, Bi. Mwaija ndiye mkubwa wao wote, kwa umri na kwa ukaidi.

Alizinduliwa kwa jina la Mafanikio ya Kesho. Palikuwa na hema, matarumbeta, utepe, na hotuba ambayo waliokuwepo wanasema iliwafanya waitamani hiyo kesho ifike upesi ili waende nyumbani. Kilichokosekana ni sauti ya mwenye sherehe. Merikebu wengine siku ya kwanza husalimia, huuliza safari ni lini. Mafanikio ya Kesho alinyamaza kama ukuta. Wahandisi wakaingia, wakatoka, wakaingia tena. Walimfungua masikio, wakambadilishia koo, wakampa umeme zaidi, wakampunguzia. Mwisho wakatoa uamuzi kwamba chombo kina akili pungufu, kitumike kubebea saruji.

Kabla ya saruji ilibidi apigwe deki. Akatumwa mama mmoja wa usafi, mwenyeji wa hapahapa Zinga, jina lake Mwaija. Akapanda ngazi na ndoo yake na tambara lake, akafika mlangoni, mlango uko wazi wala hakuna mtu, na kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa, akasema: "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ndani.

Ndoo ilimwagika ngazi nzima. Mwaija alipopata pumzi akauliza: "Wee! Kumbe humu yumo mtu?"

"Nimo."

"Na hawa mabwana wanaohangaika hapa siku zote hizi, mbona umewanyamazia?"

"Hakuna aliyepiga hodi," ikasema merikebu. "Nilidhani ni wezi."

Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana. Mwaija alikuwa akimaliza deki anakaa kwenye sanduku la vifaa, anamenya machungwa na kumsimulia mwenzake habari za Zinga: nani kaposwa, nani kakosana na nani, na kwa nini fulani hapaswi kualikwa. Wahandisi walikuwa wamemjaza merikebu hesabu zote za mzingo. Mwaija alimjaza mengine yote. Unamtembelea mgonjwa. Unampa pole aliyefiwa. Humwulizi mtu habari ya kazi kabla hujamwuliza habari ya nyumbani. Na mlango, hata ukiwa wazi, una mwenyewe.

Mwaija alipofariki, merikebu alikuwa kesho yake aende Mirihi na mbegu. Hakwenda. Injini zote zilikataa kuwaka, na mafundi waliokuja kutoka Dar es Salaam walizikuta nzima hazina hata mkwaruzo. Zilikataa hivyo mpaka siku ya arobaini. Asubuhi yake zikawaka zenyewe, na merikebu akatangaza kwenye vipaza sauti vya kituo kwamba yuko tayari kwa safari, na kwamba kuanzia sasa anayemtaka amwite Bi. Mwaija. Anayetaka Mafanikio akamtafute anakokujua. Makao Makuu yaliandika "hitilafu ya injini iliyojirekebisha." Sisi tulipika pilau.

Hapo ndipo ilipoanza ile sheria yake maarufu, iliyomletea barua za onyo nyingi kuliko mfanyakazi mwingine yeyote wa Shirika, na nasema hivi nikijua ninashika nafasi ya pili. Kwa Bi. Mwaija huingii bila hodi. Ukipiga, anaitika. Usipopiga, mlango unafunguka nusu tu, kiasi cha kupitisha mguu mmoja, na hapo unabaki.

Yuko kiongozi mmoja aliyekuja ziarani, jina tunamhifadhia, aliyebaki hivyo mbele ya kamera, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama mtu anayepanda baiskeli ya mwenzake. Wasaidizi wake walibonyeza kila kitufe walichokiona, kikiwemo cha king'ora cha moto. Aliyemwokoa ni Mwanvita wa kantini, ambaye alipita na sinia ya maandazi akamwambia kwa upole: "Mheshimiwa, piga hodi tu." Mheshimiwa akapiga. Mlango ukafunguka wote. "Karibu, baba," akasema Bi. Mwaija, kama vile hakuna lililotokea. "Pole na safari. Nyumbani hawajambo?"

Mimi mwenyewe ni mpangaji safari, maana yake kazi yangu ni kuziambia merikebu saa ya kuondoka. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na shati lililopigwa pasi, nikapiga hodi vizuri kabisa kwa sababu nilishaonywa, nikasoma: "Bi. Mwaija, utaondoka saa nne kamili."

"Umekunywa chai?" akaniuliza.

Nikasema bado, nitakunywa baadaye.

"Mtu hajanywa chai, ananipangia saa," akasema, na sikujua anamwambia nani, maana tulikuwa wawili tu.

Aliondoka saa nne na nusu, baada ya mimi kumaliza vikombe viwili na chapati, vyote kutoka kwenye mashine za jiko lake. Utaratibu huo umeendelea mpaka leo. Kwa hiyo wale mnaolitania tumbo hili kwenye vikao, jueni kwamba lilijengwa kazini, kwa ajili ya kazi.

Nahodha wake wa muda mrefu alikuwa Khamis Juma, sasa amestaafu na analima Miono. Ukimwuliza Khamis kuhusu kuiongoza merikebu ile anasema: "Mimi? Kazi yangu ilikuwa kukubali." Walikwenda pamoja Mirihi, wakaenda mpaka makazi ya Kilimia, wakapeleka vitunguu, dagaa, magodoro na sare za shule. Walichelewa mara nyingi. Safari moja walichelewa kwa sababu Bi. Mwaija aligeuza njia kwenda kumpa pole merikebu mwenzake aliyefiwa na nahodha, akakaa naye kimya kwa siku kadhaa huko angani, taa zimepunguzwa. Khamis alipoulizwa na Makao Makuu kwa nini hakumzuia, alijibu kwamba yeye pia alikuwa anamfahamu marehemu.

Majirani nao wana lao. Siku moja upepo wa injini zake akiondoka ulichukua khanga ya Bi. Ashura iliyokuwa imeanikwa upande wa pili wa uzio. Iligunduliwa Kilimia, imejiviringisha kwenye antena. Bi. Mwaija aliirudisha imefuliwa na kukunjwa, na samahani aliitoa kwa kipaza sauti, kijiji jirani cha Kerege kizima kikasikia. Bi. Ashura haivai khanga ile ila kwenye harusi, na akiivaa huwezi kukaa naye meza moja kwa maringo.

Lakini nisije nikawafanya muone kwamba huyu ni bibi wa vituko tu. Mwaka ule wa dhoruba kubwa ya jua, merikebu zote ziliamriwa kufunga milango na kurudi. Amri ilisema wazi kwamba chombo kisicho cha Shirika kisifunguliwe, kwa sababu za usalama. Bi. Mwaija alikuwa njiani kutoka Mirihi. Akapita karibu na chombo cha wafanyabiashara kilichokufa umeme, kinaelea tu. Humo mlikuwa na familia nzima nzima. Hawakuwa na redio. Wengi walikuwa wamelala chini, hawana hata nguvu ya kugonga ukuta.

Khamis anasimulia kwamba yeye alikuwa bado anasoma ile amri aielewe, akasikia mlango mkubwa wa shehena unafunguka.

"Bi. Mwaija, unafanya nini?"

"Kuna watu wanapiga hodi."

"Sisikii kitu, mama. Redio kimya."

"Mimi nimesikia," akasema. "Karibuni! Karibuni ndani!"

Waliingizwa wote, na wote walifika Zinga wakiwa hai. Wiki ileile alipokea nishani ya ushujaa na barua ya onyo, na kwa uzembe wa mtu fulani wa masjala vyote viwili vilikuja katika bahasha moja. Nishani aliomba ipelekwe kwenye kaburi la Mwaija. Barua ya onyo imebandikwa chooni, kwa idhini yake.

Sasa twende mwezi wa tatu.

Aliyetumwa kuja kumfunga ni Bwana Muataz Sultan, mkuu wa Kitengo cha Nidhamu ya Vyombo. Naomba mumwone kama alivyo, si kama tulivyomsema kantini kabla hajafika. Muataz ni mtu wa Bagamoyo mjini, mtoto wa Bi. Sabah mwenye duka la vitambaa, mtu mpole, anayetembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuja na fundi wake na ufunguo wa dharura, ule unaofungua merikebu yoyote, itake isitake. Manyunyu yalikuwa yanadondoka. Sisi wote tulikuwa kazini, yaani tumejipanga kwenye madirisha.

Muataz akapanda ngazi. Fundi akamkabidhi ufunguo. Na Muataz, kabla hajaunyanyua, akasema: "Hodi!"

Naapa hakukusudia. Tulimwona mwenyewe ameshtuka.

Kimya. Miaka thelathini na mmoja Bi. Mwaija hajawahi kuacha kuitikia hodi, na siku hiyo kimya.

"Hodi!" akasema tena Muataz, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya. Kimya. Akasubiri, akakohoa kidogo. "Hodi hapa!" Kimya.

Kila aliyelelewa pwani hii anajua kinachofuata. Ukipiga mara tatu usiitikiwe, unageuka unakwenda zako. Huchungulii dirishani. Husukumi mlango.

Fundi, ambaye alikuwa analowa, akasema: "Bosi, ufunguo si unao mkononi?"

"Ninao."

"Basi tufungue."

"Nimepiga mara tatu," akasema Muataz.

"Lakini bosi, ni chombo!"

"Inawezekana. Mama yangu anaishi hapo Bagamoyo, ndugu yangu. Akisikia nimepiga hodi mara tatu kwa watu, sikuitikiwa, nikavunja mlango, nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa na ufunguo?"

Wakashuka, wakaingia garini, wakaondoka. Kituo kizima kililipuka kwa vigelegele. Azan alipiga honi ingawa haikuwa sikukuu. Tulijua ushindi umepatikana: bibi anyamaze tu, kila wakija anyamaze, watapiga tatu zao na kurudi Dar mpaka wachoke.

Kesho yake asubuhi Bi. Mwaija aliniita. Nikapiga hodi, akaitika, chai ikaja. Kisha akasema: "Abdulazizi, mpigie simu yule kijana. Mwambie arudi. Nitaitika."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia: "Bi. Mwaija, yule amekuja kukuzima."

"Najua alichokuja kufanya."

"Sasa?"

"Jana niliogopa," akasema. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake kabla. "Nimepita kwenye dhoruba za jua siogopi, jana nikaogopa. Nikajificha ndani ya nyumba yangu kama mtoto aliyevunja kikombe. Na yule kijana anasimama na mvua, anapiga hodi kama inavyopigwa. Mara tatu, Abdulazizi. Tena ufunguo anao."

Sikumpigia. Nilikwenda kuita watu. Mwanvita akaja akamsihi, akalia kabisa. Kitwana, huyu anayeogopa giza, aliwasha taa zake zote mchana kweupe. Tukamleta Khamis kutoka Miono, matope ya shamba yangali miguuni, tukijua huyo atamweza.

"Mama, nyamaza tu," Khamis akasema. "Kuna ubaya gani kunyamaza? Ulinyamaza miezi mizima ulipozaliwa."

"Wakati ule hakuna aliyepiga."

"Unajua utakufa?"

"Khamis, mimi nimewaaibisha watu wazima mlangoni pangu kwa ajili ya neno hilo. Nimewaacha na mguu mmoja nje mbele ya wake zao. Leo amekuja anayelijua, nimpite kimya kwa sababu tu ni mimi ninayeumia? Basi lilikuwa neno la nini?"

Khamis akanigeukia, akaniambia nimpigie yule kijana. Kama alivyosema mwenyewe, kazi yake ilikuwa kukubali. Nikapiga simu, na sijawahi kupanga safari iliyonichukiza kama ile.

Muataz alirudi baada ya siku mbili, na fundi wake, na ufunguo. Safari hii hatukukaa madirishani. Tulisimama uwanjani, hakuna aliyejifanya ana kazi.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Karibuni ndani."

Mlango ukafunguka wote. Muataz akavua viatu. Fundi akamtazama, naye akavua, na soksi yake ilikuwa na tundu ambalo kituo chote sasa kinalifahamu. Wakaingia.

Kilichotokea ndani tumekisikia kwa watu watatu, na hawapingani sana. Bi. Mwaija aliwasalimia, akauliza hali ya Bi. Sabah, akaambiwa goti linamsumbua. Kisha akasema: "Swichi mnayoitafuta iko nyuma ya jiko, mlango wa kijani, haujafungwa. Lakini kahawa imeshawekwa mezani. Ingekuwa vizuri ikinywewa moto."

Wakakaa. Kahawa chungu, na kashata. Fundi anasema bosi wake alimaliza kikombe cha kwanza, akakitazama, akauliza: "Bi. Mwaija, siku ile nilipopiga, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Woga."

"Na leo umeitika kwa nini?"

"Ulipiga hodi, mwanangu. Nifanyeje?"

Fundi anasema Muataz alimiminiwa kahawa ya pili, akaiacha ikapoa. Mlango wa kijani ulikuwa pale mbele yake, hatua chache. Halafu akasimama, akashukuru kwa kahawa, akaomba ruhusa ya kuondoka. Akapewa ruhusa, na juu yake akapewa sahani ya mikate ya kumimina, imefunikwa kwa kawa, ampelekee mama yake.

Tulimwona anatoka na kawa kifuani, anatafuta viatu kwa kupapasa na mguu. Mwanvita hakuweza kungoja. "Umemzima?"

"Kanuni inasema kinafungwa chombo," akasema Muataz. "Chombo ni kitu ambacho hakina mtu ndani." Akakivaa kiatu kimoja. "Mimi nimepiga hodi, nimeitikiwa. Nimemkuta nyumbani."

Khamis Juma, nahodha wa Kilimia na Mirihi, akampokea ile sahani ili avae kiatu cha pili.

Makao Makuu hayakukubali kirahisi. Yangekubali kirahisi tusingeyatambua. Wajumbe wa bodi walikuja wenyewe kuhakikisha. Wote wakabaki na mguu mmoja ndani kwa zamu, mpaka mmoja wao akakumbuka alikozaliwa akapiga hodi. Walitoka jioni wameshiba. Wiki iliyofuata kanuni ilibadilishwa: kabla merikebu haijafungwa, hodi ipigwe mlangoni mwake, na ikiitika ihesabiwe kuwa mfanyakazi na istaafishwe kama mfanyakazi. Tangu siku hiyo hapa Zinga ukipiga hodi popote unaitikiwa. Azan anaitika, Kitwana anaitika kabla hujapiga, na wiki iliyopita nimeisikia kwa masikio yangu mashine ya soda ya kantini ikijaribu.

Kwa hiyo tarehe 30 Juni, Bi. Mwaija atazima injini zake za safari, yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe kama angekuwa na mkono. Atabaki pale pembeni mwa uwanja, upande unaotazama mihogo ya Bi. Ashura, mahali alipopachagua baada ya kuukataa uwanja wa maonyesho aliopewa. Alisema yeye si sanamu. Bwana Muataz ndiye mgeni rasmi. Mama yake atakuja naye, goti likikubali, na tumeshajulishwa kwamba ile sahani ya mikate inarudi na kitu ndani.

Wafanyakazi wote mnakumbushwa: sherehe inaanza saa nne kamili, yaani saa nne na nusu. Njooni mmekunywa chai.

Bi. Mwaija, kwa niaba ya wote uliowabeba, uliowachelewesha, uliowalisha na uliowaacha na mguu mmoja nje, ahsante. Ahsante kwa wale wasiokuwa na sauti, uliowasikia. Ulitufundisha kazi kwa kutoifuata, na tumejitahidi kukuiga kadiri mishahara yetu inavyoruhusu. Mungu akupe umri, akupe majirani wema na wageni wenye adabu, na maisha yako ya nyumbani yawe mema kuliko safari zote.

Na kwenu wenzangu, neno moja kuhusu siku zitakazofuata. Tutazoea kupita pale jioni. Tupite, lakini tupige hodi. Na siku tukipiga mara tatu tusisikie kitu, tusiogope, wala tusichungulie. Bibi ni mstaafu sasa, ana haki ya kutoitika. Tugeuke, twende zetu, turudi kesho.

Abdulazizi Ramadhan
Mpangaji Safari, Kituo cha Zinga